Kuhamisha Bikoni

Saa moja asubuhi, Luchelele,
umande ungali kwenye matete, buti zangu zimekwisha kulowa.
Ngolo kashika fimbo ya kupimia, mimi nipo kwenye darubini,
na ramani iliyopitishwa na kikao cha Jumanne
inasema hapa, hapa hasa tunapozama hadi magotini,
ni Kitalu D, kiwanja namba mia moja na kumi na nne,
makazi, ujazo wa kati.

Nikamwambia Ngolo, sogea kushoto. Hakusogea.
"Kuna mtu," akasema.

Hakuwa mtu.
Alikuwa kamongo, dume, mnene kama paja la mtoto,
kajikunja mlangoni pa shimo lake chini ya mafunjo
akilinda mayai. Jike lilikwisha kwenda zake;
kwao baba ndiye anayekesha.
Alitutazama kwa vile vijicho visivyoomba kitu,
fimbo ilipomkaribia akaiuma.
Alama za meno zipo, kati ya nne na tano.

Tangazo tulilibandika siku thelathini
mlangoni pa ofisi ya kata: mwenye pingamizi alete kwa maandishi.
Walikuja wawili, wote kuulizia bei.
Pimbi wa lile jabali la juu hawakuja.
Bibi alisema walikosa mkia
kwa kuwa siku ya mgao walimtuma mwingine awachukulie;
safari hii hata wa kumtuma hawakuwa naye.
Nao wana mipaka yao, wameichora kwa mkojo, kizazi juu ya kizazi,
michirizi myeupe jiweni, mikavu kama chokaa.
Mimi nikapiga juu yake rangi nyekundu: D/31.

Msidhani sipendi nyumba.
Nimezaliwa Mabatini, chumba kimoja, watu saba,
mvua ikinyesha godoro linazunguka kona hadi kona.
Najua ufunguo wa kwako una uzito gani mfukoni.
Mdogo wangu Sayi ameuza bodaboda
akalipia awamu ya kwanza, kiwanja cha kuona ziwa.
Usiku ule nilifungua orodha nitafute jina lake.
Mia moja na kumi na nne.

Nilikaa na penseli.
Nikakumbuka mwaka ule ziwa lilipopanda,
likaingia sebuleni kwa watu bila hodi,
makochi yakaelea, vyoo vikatapika,
tukasema maji yamevamia.
Yalikuwa yamerudi kwao, yakatukuta kitandani.
Palipobaki matete wimbi lilichoka njiani.
Tulipofyeka, lilifika jikoni.

Kikaoni Injinia Bugumba akauliza:
"Yaani tupoteze viwanja kumi na kimoja kwa ajili ya kitoweo?"
Wakacheka. Nami nilicheka kidogo,
supu ya kamongo naijua.
Kisha nikatandaza karatasi:
mita sitini, zihesabiwe toka ukingo wa matete,
si toka maji ya kiangazi;
jabali lote libaki wazi, na ujia ushuke hadi kwenye majani
pimbi wapite bila kukuta ukuta wenye chupa;
nyumba zipande huko nyuma ya shule,
kwenye shamba la pamba lililochoka, ghorofa mbilimbili.
Walibishana mpaka chai ikapoa.
Viwanja sita vikapata pa kuhamia. Vitano vikafa.
Cha Sayi kimo katika sita,
kinatazama choo cha shule.

Hajanipigia simu tangu Pasaka.

Tulirudi, mimi na Ngolo, kuing'oa bikoni.
Ilitoka kwa shida, ikifyonza matope, kama gego.
Shimo likajaa maji kabla hatujafuta jasho.
Kamongo sikumwona.

Fimbo ni ile ile, ofisi haina hela ya nyingine.
Pale kati ya nne na tano hapasomeki vizuri,
inabidi uiname.